Shukeni Kwanza Tupimwe

Missouri City, 6 Mei 2025

Ndugu yangu Elphas,

Nakusalimu wewe, mkeo Josiane na binti yenu Kethia, na zaidi ya wote namsalimu Mama, ambaye najua ndiye atakayefungua bahasha hii kwa sababu ndiye anayekwenda kwenye sanduku la barua. Mama, hujambo? Mguu umepungua kuvimba? Usinidanganye, mimi ni nesi. Huku tuko salama. Mwanangu Jordan amepata leseni, na sasa hata tukiishiwa maziwa lazima aendeshe yeye. Mimi naketi kando yake nikikanyaga breki ambayo haipo.

Nimeandika kwa sababu Mama ametuamuru. Siku ya Pasaka tulipigiana kelele kwenye simu mpaka akakunyang'anya, akasema, "Andikianeni, na muandike Kiswahili nisome. Simu mnaongea Kiingereza cha haraka halafu mnaniambia hakuna kitu." Nimetii. Karatasi ina faida nyingine, huwezi kunikatiza nikiwa katikati ya sentensi.

Sasa jambo lenyewe. Unataka kumleta Mama kwangu Jumamosi tarehe 30 Agosti, siku ya tamasha la Wakenya hapa, akae nami mpaka Krismasi. Kuja namtaka aje, chumba chake nimekwisha kukipaka rangi. Lakini wewe unataka aje ndani ya pikapu ambayo siku hiyo hiyo itakuwa inavuta tela yako ya chakula, majiko, friji na kila kitu, kutoka Mansfield mpaka huku. Hiyo ni safari ya saa nne na zaidi, na barabara ya 45 unaijua ilivyo na malori.

Nilikuuliza Pasaka kama pikapu yako inaweza kubeba kazi hiyo, ukaniambia nisikufundishe gari. Sikufundishi. Naomba kitu kimoja tu. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko cha njano na cheupe kilichoandikwa uzito wa kubeba ambao gari halipaswi kuuzidi. Niandikie namba hiyo.

Dada yako,
Kathure


Mansfield, 2 Juni 2025

Dada Kathure, daktari wetu,

Salamu zako zilifika na kusomwa mezani kwa sauti, na msomaji mwenye miwani iliyofungwa plasta kwenye sikio. Alipomaliza alisema, "Huyu anaandika kama karani wa mahakama." Kwa hiyo usinilaumu mimi, ni Mama aliyesema. Mguu wake uko vizuri zaidi. Sukuma wiki aliyoipanda nyuma ya nyumba imekuwa nyingi hadi majirani wamechoka kupewa. Kethia amemaliza mwaka shuleni na alama nzuri. Josiane amehamishiwa zamu ya asubuhi kule kiwandani, kwa hiyo sasa tunaonana. Nisamehe kwa kuchelewa. Jumamosi zote nilikuwa na tela, watu wanapenda mukimo wangu wa viazi na mahindi kuliko ninavyojua kuupika.

Kuhusu gari, hebu nikutulize. Yule aliyeniuzia alinionyesha kitabu. Pikapu yangu inavuta pauni 11,200. Tela yangu ikiwa imejaa, na maji, na gesi, na nyama, na hata ile sufuria kubwa ya Josiane, ni pauni 6,800. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kutoa hapo. Nimebakiwa na zaidi ya elfu nne. Kwa nafasi hiyo ningeweza kuongeza tela ya pili ya kubebea wasiwasi wako.

Waamerika huiita pikapu ya aina yangu nusu tani. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Kwetu Kibirichia nusu tani ya viazi ilikuwa inabebwa na mikokoteni miwili ya punda, na punda hawakulalamika. Jina hilo ni la zamani tu, gari lenyewe limepita hapo kitambo.

Mutuku wa kanisani, yule Mkamba mrefu, amenunua kubwa zaidi, ile wanayoiita robo tatu ya tani, yenye springi za nyuma kama za lori. Kila Jumapili ananiambia, "Elphas, si uniachie hiyo tela nikuvutie?" Mimi nivutiwe kama ng'ombe aliyezama kwenye matope? Kazi ni yangu, tela ni yangu, nitaivuta mwenyewe.

Hiyo namba ya mlangoni nitaiangalia nikipata nafasi. Mama anakusalimu, anauliza rangi ya chumba ni gani.

Ndugu yako,
Elphas


Missouri City, 10 Juni 2025

Elphas,

Mwambie Mama rangi ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ataipenda. Jordan anawasalimu wote. Mvua imenyesha hapa siku tatu mfululizo na mtaro wa nyuma umejaa vyura, hatulali kwa kelele zao.

Sasa wewe. Unafungua mlango ule mara sita kwa siku, halafu unaniambia ukipata nafasi. Huo ni utani au ni nini?

Nina jirani anaitwa Sheldon, mzee mwenye farasi wawili, na huwavuta kwa tela kila mwisho wa juma. Nilimwonyesha barua yako, nikamtafsiria. Hakucheka. Alinichukua mpaka kwenye gari lake, akanionyesha kwa mikono. Kuvuta ni kitu kimoja, kubeba ni kingine. Zile elfu kumi na moja na mia mbili ni za kuvuta. Lakini tela haifuati nyuma tu kama mtoto aliyeshikwa mkono. Pua yake imelala juu ya pikapu yako, na pua ya tela ya uzito huo hukandamiza karibu pauni mia nane. Hizo ziko mgongoni mwa gari kabla hata hujaweka jenereta. Hapo ndipo namba ya mlangoni inapoingia, kwa sababu hiyo ndiyo ya kubeba. Sheldon anasema pikapu za nusu tani nyingi huishiwa na nafasi ya kubeba wakati nafasi ya kuvuta bado imejaa tele. Ndiyo maana yeye akanunua ile nzito zaidi, na hana majivuno yoyote. Anapenda farasi wake tu.

Kuna jambo la pili. Jumapili nilimpigia Kethia kumpongeza. Nilipomwambia tutaonana Agosti akanijibu, "Aunty, mimi siwezi ku-ride kwa hiyo truck tena. Ask Dad." Nikamuuliza kwa nini. Akasema Cucu, yaani bibi yake, anamwita, akakata.

Elphas, mwezi wa nne mlikwenda Waco kwenye harusi na tela, wewe na Josiane na mtoto. Nini kilitokea njiani?

Nataka majibu mawili. Namba, na Waco.

Kathure


Mansfield, 14 Julai 2025

Dada Kathure,

Najua nimekaa wiki tano. Joto la hapa limekuwa la kukaanga mayai barabarani, na kule ghalani kazini wenzangu wawili walianguka kwa kukosa maji, kwa hiyo nikachukua zamu zao. Mama ni mzima. Alikwenda kanisani amevaa ile kofia ya zambarau uliyomletea na akina mama wote wakaizunguka. Josiane amejifunza kupika mukimo, anautia mafuta ya mawese kwa siri halafu anakana. Mwambie Sheldon farasi wake nawasalimu.

Haya, uwe na raha. Namba ya mlangoni ni 1,420.

Na kwa kuwa najua huwezi kuridhika na maneno yangu, nilifanya kitu ambacho hata Sheldon wako hajawahi kukuambia. Jumamosi iliyopita nilifunga tela ikiwa imejaa kama itakavyokuwa siku ya safari, nikaweka jenereta na magunia ya makaa nyuma ya pikapu, nikaenda mpaka kituo cha malori pale kusini, kwenye mizani. Ndiyo, mizani kamili, ya malori makubwa. Unapanda juu, unabonyeza kitufe, mtu anakusemesha kwa spika, halafu unaingia ndani wanakupa karatasi. Nimeitia humu ndani ya bahasha uione kwa macho yako.

Pikapu, na pua ya tela ikiwa imeilalia, pauni 6,750. Kikomo chake, gari lenyewe pamoja na vyote lililobeba, kimeandikwa hapo hapo mlangoni, ni 7,000. Nimebakiwa na 250. Unaona? Sikuzidisha. Niko chini ya kikomo, na nina ushahidi uliopigwa mashine.

Ilikuwa siku nzuri hata. Familia nzima tulikwenda, hata Kethia, niliyembembeleza kwa aiskrimu. Mama alinisubiri kando ya uzio, kwenye kivuli, pamoja na Josiane na Kethia, wakila aiskrimu, nami nilikuwa nimesimama chini ya kile kitufe, maana kimewekwa juu kwa madereva wa malori na pikapu yangu haikifikii. Mama alisema mizani ya Amerika haina askari wa kukuuliza maswali, na akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka hivyo.

Kuhusu Waco, ulikuwa upepo tu. Watoto wa huku wanatishwa na kila kitu.

Kwa hiyo tumalize. Agosti 30, saa sita mchana, tutakuwa mlangoni kwako.

Elphas


Missouri City, 19 Julai 2025

Elphas,

Sina habari za nyumbani leo. Tuko wazima, hiyo inatosha.

Karatasi yako niliisoma mara moja nikashusha pumzi. Nikaenda kazini. Nikiwa nabadilisha dripu ya mgonjwa ndipo nikajiuliza, Mama alikuwa amekaa wapi?

Kando ya uzio. Anakula aiskrimu. Uliwashusha, Elphas. Wote. Na wewe mwenyewe ukashuka. Ukapima gari lisilo na mtu hata mmoja ndani yake, ukaniletea karatasi ukaiita ushahidi.

Sikuiti mwongo. Ningependa ungekuwa mwongo, ingekuwa rahisi zaidi. Nadhani hata hukujua unachofanya. Ulifika kwenye mizani ukasema, "Shukeni kwanza tupimwe," na wao wakashuka, na Mama akatembea na mguu wake ule mbovu mpaka kwenye uzio bila kuuliza, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Ndivyo Baba alivyofanya na kanta yake, lile lori dogo, miaka yote ya viazi. Hatua mia mbili kabla ya mizani ya barabarani anasimama, abiria wote waliokaa juu ya magunia wanashuka, wanapita kwa miguu kando ya ua kana kwamba wanakwenda sokoni. Kanta inapimwa, inapita. Mbele kule kwenye kona inawangoja, wanapanda tena. Baba alikuwa akisema mtu si mzigo. Sote tulicheka tukikua. Tulikuwa tunaona ni ujanja mzuri.

Kibandiko cha mlango wako, nakuandikia kwa Kiswahili ili Mama aelewe, kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi pauni 1,420. Watu wametajwa kwanza. Wewe ni 225, usibishe, nilikupima mwenyewe Krismasi. Josiane 170. Mama 185. Kethia tuseme 120. Hizo ni 700. Ulibakiwa na 250. Umezidisha mia nne na hamsini, juu ya matairi ya nyuma, ukiwa na tela ya tani tatu mgongoni na mama yangu kwenye kiti cha nyuma.

Kuna jina ambalo hatulitaji katika familia hii tangu mwaka 1994, na wewe hujawahi kulitaja mbele yangu hata siku moja. Mimi nilikuwa bwenini, niliambiwa kwa simu ya mwalimu mkuu. Wewe ulikuwepo. Nitaliandika mimi, kwa sababu nimechoka. Kanana. Dada yetu Kanana alishuka kabla ya mizani, akatembea kando ya ua, akapanda tena juu ya magunia ya viazi pale kwenye kona, na kwenye mteremko wa kwanza breki za kanta zikashindwa kuzuia uzito ambao karatasi ilisema haupo.

Nina hasira, Elphas. Nina hasira na Baba ambaye amekufa na siwezi kumgombeza. Usinifanye niwe na hasira na wewe maisha yangu yote.

Mama, najua unasoma. Nisamehe kwa kuliandika. Usipande gari hilo.

Kathure


Missouri City, 9 Agosti 2025

Elphas,

Natumaini mko salama. Jordan anawasalimu.

Wiki tatu hujajibu. Nimepiga simu mara nne, Josiane alichukua mara moja akaniambia, "Mi sijue, dada. Yeye hasemi. Anaenda kukaa mu ile motokari, anakaa tu, haiwashi." Nilipomuuliza kuhusu Waco akasema, "Remorque, ile tela, ilitaka kutuua. Lakini weye muulize bwana yangu, mi nisiseme juu yake." Kwa hiyo haukuwa upepo.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa tarehe 29 nitakuja Mansfield na gari langu dogo kumchukua Mama. Uandike au usiandike, nitakuja. Ukimpakia kabla sijafika, Elphas, usilete hiyo tela mlangoni kwangu.

Kathure


Mansfield, 25 Agosti 2025

Dada yangu Kathure,

Nakusalimu. Jordan msalimu. Huku tunapumua. Mama amekula vizuri leo, na Kethia amerudi shule na tayari analalamika kuhusu mwalimu wa hesabu. Nimeanza na hizo kwa sababu ni rahisi.

Barua yako ya Julai Mama aliipokea yeye. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameketi mezani, barua imekunjwa mbele yake, chai imepoa. Akanisukumia. Niliisoma nimesimama. Sikuweza kukujibu kwa sababu kila nilipoandika jina lako, lile jina jingine lilikuwa linangoja chini yake.

Kwanza Waco. Nakuambia kila kitu, na Mama ameshasikia. Wakati wa kurudi, tukiwa karibu na Hillsboro, pikapu ilikuwa imekaa nyuma, pua imeangalia juu. Usukani ulikuwa mwepesi, kama unaendesha kitu ambacho hakigusi barabara. Nilijua tangu tunatoka mjini kwamba kuna kitu hakiko sawa, nikajiambia ni springi mpya. Lori kubwa likatupita upande wa kushoto. Upepo wake ulisukuma tela, ikaanza kucheza mkia, kulia, kushoto, kila mara zaidi. Nikakanyaga breki ikawa mbaya zaidi. Tulikwenda mpaka kwenye nyasi, tukasimama tumekaa upande. Kethia alikuwa anapiga kelele na Josiane anaomba kwa Kifaransa. Hakuna aliyeumia. Nikashuka nikazunguka tela, nikarudi ndani nikawaambia ulikuwa upepo. Mtoto aliniangalia tu. Tangu siku hiyo ananiangalia hivyo hivyo, na mimi nimekuwa nikijifanya sioni.

Jumamosi iliyopita nilitaka kwenda kupima tena. Nilikuwa bado nabishana na wewe kichwani, nadhani nilitaka ukosee. Nikafunga tela kama mara ya kwanza, jenereta, makaa, kila kitu. Tukaenda wote wanne. Tulipofika kwenye mizani, Kathure, mdomo wangu ulisema wenyewe. Nilikuwa nimeisoma barua yako mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na bado nilisema, "Haya, shukeni kwanza tupimwe."

Josiane akafungua mlango. Mama akasema, "Mimi sishuki."

Nikamwambia, "Mama, ni dakika mbili tu."

"Nimesema sishuki. Nilishashuka vya kutosha. Kethia, funga mlango, kaa hapa karibu na mimi."

Nikasema sitaweza kufikia kitufe nikiwa ndani. Mama akamwambia Josiane, "Nenda ulete ule ufagio wa tela." Josiane akaenda, akarudi, akaingia, akafunga mkanda wake. Nikabonyeza kitufe kwa mpini wa ufagio kupitia dirishani. Yule mtu wa spika akauliza ni lori namba ngapi, Kethia akaanza kucheka, halafu akalia. Nyuma yetu kulikuwa na lori moja linangoja na dereva hakupiga honi.

Pauni 7,450. Hukukosea hata pauni moja, Kathure. Mia nne na hamsini kamili.

Niliegesha pembeni. Nikampa Mama karatasi, nikakaa na mikono kwenye usukani, na hapo ndipo nikamwambia kitu ambacho sijamwambia mtu kwa miaka thelathini na moja. Siku ile, pale kwenye kona, nafasi ya kukaa ndani na Baba ilikuwa ya Kanana. Ilikuwa zamu yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nimetembea kando ya ua kwenye baridi ya Julai, nikaanza kulia kwamba nasikia homa. Sikuwa na homa. Kanana akaniangalia akasema, "Kaa wewe, mlia ovyo." Akapanda juu. Nilikuwa nakula mhogo wa kuchoma ndani ya kanta wakati breki zinaisha. Nimemwambia Mama hivyo hivyo, pamoja na mhogo.

Hakusema "si kosa lako." Nilikuwa naogopa angesema. Alinishika shingo kwa nyuma kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akaniomba kalamu.

Nilirudi nyumbani peke yangu, taratibu sana. Josiane, Mama na Kethia walichukuliwa na Mutuku, nilimpigia simu akaja. Jioni hiyo hiyo nikamwachia tela. Ataivuta yeye Jumamosi kwa ile robo tatu yake, nami nitakaa kando yake kama ng'ombe, na hata hatanicheka, nimemwangalia uso. Pikapu yangu nitaitumia kwenda kazini na kanisani. Siku moja nikiweza nitanunua nzito zaidi, na kabla sijasikiliza kitabu cha muuzaji nitafungua mlango wa dereva.

Wewe njoo Ijumaa kama ulivyosema. Mama ameshafunga sanduku lake, na sukuma wiki ameifunga kwenye gazeti kwa ajili yako. Nakuomba ukifika usianze kuongea nami kuhusu gari. Nataka tuongee juu ya Kanana. Sijui ninaanzaje, wewe ni mkubwa, utanianzia.

Karatasi ya mizani nimeitia humu. Igeuze. Mama ameandika nyuma yake, na ameniambia nisiiguse.

Mdogo wako,
Elphas

*

Kathure mwanangu,

Ndugu yako ameniambia kilo za kila mtu kwa sababu pauni sizijui. Nimeziandika za wote tuliokuwa ndani ya gari.

Elphas, 102.
Josiane, 77.
Kethia, 54.
Mimi, 84.

Kanana, 41. Tulimpima kliniki Januari ile, nilikuwa na kadi yake. Siku ile pale mizani hakuna aliyemwandika, kwa hiyo nimemwandika mimi.

Njoo Ijumaa. Nitakuwa nimekaa barazani.

Mama yako